Sauti ya mke wangu ilikuwa chini kwenye rekodi: nilivyojifunza kupanga level kabla ya mixing

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, wa rika langu habari za kazi.

Mimi ni msomaji zaidi wa jukwaa hili kuliko kuwa mwandishi. Nyuzi zenu za studio za nyumbani nimezisoma miaka mingi bila kuchangia neno. Leo nina langu. Yote nitakayoandika yalinipata mimi, na mahali nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Uzi unahusu jambo ambalo mafundi wengi wanaliona dogo, yaani kuweka traki zote, kila sauti na kila chombo, kwenye level au ukubwa wa sauti unaolingana kabla hujaanza mixing, ile kazi ya kuzichanganya ziwe wimbo mmoja. Na mimi nililiona dogo.

Naishi Nyaishozi, wilaya ya Karagwe. Nalima ndizi, maharage na kahawa kama majirani zangu. Elimu yangu ni darasa la saba. Kinanda nilijifunzia kanisani, kompyuta nilijifunzia kwa kubonyeza na kuharibu.

Studio yangu ni chumba cha stoo. Msimu wa kahawa kinarudi kuwa stoo, magunia yanapangwa kuzunguka kuta mpaka karibu na dari. Huo ndio wakati chumba kinasikika vizuri kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu magunia yanameza mwangwi. Kahawa ikiondoka, chumba kinalia kama pipa. Kwa hiyo kwaya ninazirekodi msimu wa kahawa. Mnaocheka chekeni, lakini mkipata magunia jaribuni.

Vifaa vyangu ni kompyuta ya mtumba, kadi ya sauti yenye matundu mawili, maiki mbili, hedifoni moja na spika mbili ndogo.

Hizo maiki mbili zikumbukeni.

Mke wangu aliitwa Domitila. Kwao ni Bugomora, upande wa Kyerwa. Tulijaliwa binti mmoja, Jovina, ndiyo maana watu wananiita Baba Jovina. Domitila aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango chetu. Baba yangu mzazi, mzee Speratus, anaimba bezi kwenye kwaya hiyo hiyo tangu mimi sijazaliwa. Ana sauti ambayo ukiwa shambani unaisikia ikitoka kanisani, unajua misa imefika wapi.

Msimu mmoja wa kahawa mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Projest, alitunga wimbo wa kushukuru mavuno. Ubeti wa pili aliwapa watu wawili tu. Domitila anaita mstari, baba anajibu. Anaita tena, baba anajibu. Halafu kwaya nzima inaingia.

Wimbo mzuri sana. Nasema hivyo kama fundi, siyo kama mume.

Sasa maiki. Moja niliiweka mbele ya kwaya. Ya pili niliwapa Domitila na baba washirikiane. Wazoefu mmeshaona shida ilipo. Sauti mbili, maiki moja, traki moja. Ukimpandisha mmoja kwa fader, kile kitelezi cha sauti ya traki, umewapandisha wote wawili.

Nilichora mstari wa chaki sakafuni, nikawaambia hapa ndipo pa kusimama. Wakati wa kujaribu, Domitila alisimama peke yake kwenye chaki, level ikaja safi kabisa. Nikafurahi.

Tulipoanza kurekodi, baba akaja kusimama upande wake. Domitila akarudi nyuma hatua moja na nusu.

Nikamwambia asogee. Akasogea. Tukaanza, akarudi tena.

Mara ya tatu niliongea kwa sauti, mbele ya kwaya nzima. Nilimwambia asogee kwenye maiki, anatuchelewesha. Watu wakacheka. Mwalimu Projest akatania kwamba sauti ya pili leo imeona nyoka. Domitila mwenyewe akacheka, akasogea nusu hatua, tukarekodi mpaka mwisho.

Mimi nikajisemea moyoni kwamba nitairekebisha kwenye mixing.

Wakuu, sentensi hiyo ndiyo mwanzo wa matatizo yote niliyowahi kuyapata studio. Kama kuna kijana anasoma hapa na amenunua maiki yake ya kwanza, aiandike ukutani halafu aikate kwa mstari mwekundu.

Baada ya hapo niliendelea kuongeza vyombo siku tofauti tofauti. Gitaa la bezi siku moja, kinanda wiki nyingine, ngoma na kayamba wiki nyingine tena. Kila siku gain ya kadi, yaani nguvu ya sauti inayoingia, niliiacha popote nilipoikuta. Gitaa likaingia kubwa sana, kayamba ikaingia ndogo, kinanda katikati. Sikujali. Mixing ipo.

Kabla sijamaliza, Domitila akaugua.

Kuhusu ugonjwa sitaandika. Ulikuwa wa siku chache, na kila mtu alifanya alichoweza. Tulimzika hapa nyumbani, upande wa juu wa migomba.

Chumba nilikifunga. Kahawa ikatoka, maharage yakaingia, nikawa naingia kuchukua maharage na kutoka. Kompyuta niliifunika kitenge. Watu waliokuja kutaka kurekodi niliwaambia mashine mbovu. Haikuwa mbovu. Nilisema uongo, na nimeshawaomba radhi karibu wote.

Ilipobaki kama mwezi mmoja kufika misa ya kumbukumbu ya mwaka, Mwalimu Projest alikuja nyumbani. Alikaa, akanywa uji, akauliza habari za Jovina na za shamba. Halafu akasema kwaya ingependa ule wimbo upigwe siku ya misa. Wengine walikuwa hawajawahi kuusikia tangu siku ile ya kurekodi.

Nikakubali. Nilikuwa sijui ninakubali nini.

Nikaondoa kitenge, nikawasha. Nilipopiga wimbo, ubeti wa pili ulikuwa hivi. Kunakuwa kimya kidogo, kama kuna mtu anaimba chumba cha tatu, halafu baba anapiga radi. Kimya, radi. Kimya, radi.

Huyo wa chumba cha tatu ndiye mke wangu.

Hiyo ndiyo rekodi pekee niliyonayo ya sauti yake. Sauti zake za kwenye simu zilikwenda na simu ilipoharibika. Naandika hivyo ili mjue nilikuwa nafanya kazi katika hali gani.

Nikaanza kumpandisha. Nikisukuma fader ya traki yao juu, baba anapasua spika. Nikaweka compressor, inayobana sauti kubwa, ili imkandamize baba, nayo ikawa inamkandamiza kweli, lakini sauti ikatoka imekwaruza. Kwaya ikawa haisikiki nyuma yao, nikapandisha kwaya. Ngoma ikapotea, nikapandisha ngoma. Gitaa likapotea, nikapandisha gitaa. Nikamaliza mzunguko, nikarudi kwa Domitila, nikakuta amepotea tena.

Taa za master, pale traki zote zinapokutana, zikawa nyekundu tangu sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kwenye menyu nikaona neno normalize. Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nilielewa maana yake ni kufanya kitu kiwe cha kawaida, na wakati huo nilitaka sana mambo yawe ya kawaida. Nikalibonyeza kwa kila traki.

Kwa asiyejua, kitufe kile hakitengenezi usawa. Kinatafuta mahali palipo na kelele kubwa kuliko pote kwenye traki, kikapapeleka juu kabisa, na traki nzima ikafuata. Kwenye traki ya wale wawili, kelele kubwa alikuwa baba. Kwa hiyo baba alipelekwa juu, Domitila akabaki chini yake vile vile, na sasa traki zote sita zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni.

Nikamtumia Mwalimu Projest ilivyokuwa. Kwa kweli sikuwa naisikia tena.

Alikuja kesho yake mchana. Nilimwona kwa mbali anavyotembea nikajua.

Alisema, "Baba Jovina, pole. Nakwambia kama ndugu. Ubeti wa pili huwezi kuupiga mbele ya watu ukiwa hivi."

Nikamwambia najua.

Akasema kuna dada mmoja kwenye kwaya ana sauti inayokaribiana. Aje aimbe ile mistari ya Domitila upya, na baba aimbe ya kwake, mimi nikate nibandike. Siku ya misa tutasema wimbo huu ni wa kumkumbuka Domitila. Hakuna atakayelaumu.

Hakusema vibaya. Hata mimi ningekuwa mwalimu ningesema hivyo hivyo. Lakini wimbo wa kumkumbuka mtu, wenye kila mtu ndani yake isipokuwa yeye, sikuuweza. Nilimwomba wiki mbili. Akanipa, akasema yule dada atamwandaa kwa tahadhari, endapo nitashindwa.

Hapo ndipo nikaenda Rubwera.

Rubwera nina rafiki, nitamwita Dezi. Ana studio ndogo nyuma ya duka la kudurufu karatasi, karibu na ofisi za wilaya ya Kyerwa. Anarekodi matangazo ya minada na kwaya za watumishi. Mdomo wake haujui msiba, na siku ile nilishukuru.

Alifungua kazi yangu, akaangalia zile taa nyekundu, akavua kofia.

"Kaka, hii ni mixing au ni ugomvi wa mnadani?"

Nikamwambia sauti ya mke wangu haisikiki.

"Itasikikaje? Kila mtu humu anapiga kelele. Hata mimi nikiingia humu sitasikika."

Kisha akanieleza, na nitaeleza alivyoeleza, kwa sababu sijapata maelezo bora tangu siku hiyo.

Alisema master ni ndoo moja. Traki ni mifereji inayoingia kwenye ndoo hiyo. Ukiwa na mifereji sita na kila mmoja umejaa, ndoo itamwagika hata ukiipanga vizuri namna gani. Kinachomwagika ndicho mikwaruzo unayoisikia. Kwa hiyo kabla ya kugusa fader, kabla ya compressor, kabla ya kitu chochote, nenda kwenye chanzo cha kila mfereji, uupunguze. Kila traki ukiipiga peke yake, vilele vyake viishie kwenye desibeli kumi na mbili chini ya sifuri, au kumi, hapo hapo. Siyo lazima namba hiyo hiyo kwa kila kitu, lakini zote ziwe jirani.

Nikamuuliza kwani nikishusha fader si ni yale yale.

Akasema hapana. Fader iko mwisho wa mstari. Sauti ikiwa imeshaingia kwenye compressor ikiwa kubwa mno, imeshaharibika. Ukishusha fader utapata sauti iliyoharibika ikiwa ndogo. "Ni kama chumvi imezidi kwenye ndizi, wewe unapakua sahani ndogo."

Na kwenye traki moja yenye watu wawili? Akasema hapo unakata. Unaikata traki vipande vipande, mstari wa mama kipande chake, mstari wa mzee kipande chake, na kila kipande unakipa gain yake. Kazi ya mikono, kama kuchambua maharage.

Halafu akauliza swali moja.

"Original unazo? Kabla hujazinormalize na kuzipasua?"

Sikuwa na uhakika. Safari yote ya kurudi Nyaishozi nilikuwa nafikiria hilo tu.

Nilizikuta kwenye flash, ndani ya kopo la vifungo vya Domitila. Yeye ndiye aliyekuwa akihifadhi vitu vidogo vya nyumba hii. Ningeachiwa mimi kazi hiyo nisingekuwa na cha kuwaandikia leo.

Nikaanza kazi upya, na safari hii sikugusa fader hata moja.

Ngoma peke yake, nikaishusha. Kayamba peke yake, nikaipandisha kidogo. Gitaa la bezi nilishusha sana mpaka nikacheka, kumbe nilikuwa nabeba mlima. Kinanda, kwaya. Kila moja nasikiliza mwanzo mpaka mwisho, nikiangalia taa tu. Inachosha. Lakini asubuhi moja inatosha.

Nikaiacha traki ya wale wawili iwe ya mwisho.

Sasa angalieni. Kwenye kazi yangu ya kwanza nilikuwa nimekata sekunde za mwanzo za traki hiyo, kama mnavyofanya wote, kuondoa maneno ya watu kabla ya wimbo. Kwenye original zilikuwepo.

Ikaanza kupiga. Nikamsikia fundi mmoja anafoka. "Sogea kwenye maiki, Mama Jovina, unatuchelewesha." Watu wakacheka. Mwalimu akasema habari ya nyoka. Baba akakohoa kusafisha koo.

Katikati ya kicheko na kikohozi kulikuwa na kitu kidogo sana, kama mtu amevuta pumzi. Taa karibu hazikutikisika kabisa. Kwa kuwa nilikuwa najifunza kukata, nikakikata kile kipande, nikakiongezea gain.

Ilikuwa sauti yake. Alisema kwa Kinyambo, taratibu, "Tata ariho."

Maana yake, baba yupo.

Alikuwa amenijibu. Mimi ndiye sikumsikia. Hedifoni ilikuwa shingoni, sio masikioni.

Niwaeleze wasio wa huku. Kwetu, angalau kwa wazee wa ukoo wetu na zaidi kwao Bugomora, mkamwana hasimami bega kwa bega na baba mkwe wake. Hamtaji jina. Sahani hampi mkono kwa mkono, anaiweka kwenye kigoda, mzee anaichukua. Sisemi ni Wanyambo wote, na vijana wengi wa sasa hawafuati. Baba hakuwahi kudai. Lakini Domitila alilelewa hivyo, na kwa miaka yote aliyoishi hapa niliona sahani ikiwekwa kwenye kigoda kila siku. Nilikuwa naiona. Sikuwahi kufikiria kwamba maiki moja nayo ni sahani moja.

Kanisani haikuwa shida, maana wanawake wana mstari wao na wanaume wao. Ni mimi niliyewaweka watu wawili kwenye chaki moja, halafu nikamsema mbele za watu kwa kuwa na adabu.

Nilikipiga kile kipande tena na tena. Sikumbuki ni mara ngapi. Nakumbuka nilikuwa nimeshabadilisha kutoka hedifoni kwenda spika.

Baba alikuwa nje anapogoa migomba. Dirisha lilikuwa wazi. Nikaona kivuli mlangoni, kisha akaingia akiwa bado na panga mkononi. Akaliegemeza ukutani, akakaa juu ya gunia la maharage.

"Huyo ni Mama Jovina," akasema.

"Ndiye, baba."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasikia mimi nikifoka, akasikia kicheko, akasikia kikohozi chake mwenyewe, akasikia yale maneno mawili. Akaniashiria nirudishe tena. Nikarudisha.

Baba haongei haraka. Alifuta mikono kwenye suruali kwanza.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Nikamwambia hapana, ni maiki. Maiki ilikuwa moja. Kosa langu.

"Maiki haina baba mkwe," akasema.

Akauliza nafanya nini hapo. Nikamweleza kwamba nimekata mistari ya Domitila, najaribu kuipandisha ifike kwenye ya kwake. Nikampigia asikie. Sauti ya Domitila ilipanda kweli, lakini kila kitu kilichokuwa nyuma yake kilipanda naye. Bati lililokuwa linalia kwa jua, kuku, mtu wa kwaya anayekunja karatasi. Hadi ikawa kama anaimba uani kwenye sherehe.

Baba akasikiliza mistari yote minne. Akauliza, "Na mimi unaweza kunishusha?"

"Naweza."

"Basi nishushe mimi. Mpaka nilingane naye. Usimwambie tena asogee."

Akachukua panga lake akatoka.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa somo la Dezi lote. Muda wote huo nilikuwa najaribu kumleta aliye chini aje kwa walio juu. Kumbe kazi ilikuwa kuwaleta walio juu waende kwa aliye chini.

Nikafuta ile gain niliyompa Domitila. Nikamwachia kidogo tu, kiasi ambacho kuku hawasikiki. Kisha nikachukua kila jibu la baba, moja moja, nikalishusha mpaka likakaa jirani na wito wa Domitila. Kisha kwaya nikaileta kwao wawili. Kisha kinanda, gitaa, ngoma, kayamba, zote nikaziteremsha zikae chini ya kwaya. Kwa gain, bado sijagusa fader.

Nilipopiga vyote pamoja, master ilikuwa kijani tupu. Juu yake kulikuwa na nafasi kubwa, kama chumba kilichotolewa kahawa. Wimbo ulikuwa mdogo. Nikanyoosha mkono kwenye spika, nikazungusha kitasa cha sauti kwenda kulia.

Ni hivyo tu. Ukiona wimbo mdogo, spika ina kitasa. Mimi nilikuwa natafuta ukubwa ndani ya kompyuta, mahali ambapo haupaswi kutafutwa mwanzoni.

Domitila akaita mstari. Baba akajibu. Hakupiga radi. Alijibu kama mtu anayejibu.

Mixing yenyewe baada ya hapo haikuchukua hata saa mbili. Compressor niliweka ndogo. Mwangwi kidogo kwa kwaya. Fader zilisogea kidogo sana, nyingi zilibaki pale pale karibu na sifuri.

Mwalimu Projest alipokuja kusikia, jambo la kwanza alisema, "Mbona umekuwa mdogo?" Nikamwambia azungushe kitasa. Akazungusha. Ubeti wa pili ulipofika aliacha kuzungusha. Wimbo ukaisha, akabaki anaangalia spika.

"Yule dada nitamwambia asije," akasema.

Siku ya misa wimbo ulipigwa mwishoni, kabla watu hawajatoka. Spika za kanisani ni zile zile mnazozijua, na wimbo ulianza chini. Anayeshika mtambo alitaka kupandisha, lakini watu wakawa wameshanyamaza ili wasikie, akaacha. Jovina alikuwa amekaa na shangazi yake. Alipomsikia mama yake alitazama juu, kwenye spika, sio kwenye kwaya. Baba alikuwa amesimama kwenye mstari wa bezi. Hakuimba na rekodi, ingawa wengine waliimba.

Sijui niwaambie nini zaidi kuhusu siku hiyo. Ilipita vizuri.

Niliyojifunza nayaweka hapa kwa ajili ya anayeanza.

Panga level kabla ya yote, traki moja moja, kwa gain ya kipande na sio kwa fader. Anza na iliyo dhaifu kuliko zote, uiulize inaweza kufika wapi bila kuumia, halafu zilizobaki zishuke mpaka hapo. Acha nafasi kwenye master. Usibonyeze neno usilojua maana yake kwa sababu tu limekuvutia. Tunza original, na kama una mtu nyumbani anayejua kutunza vitu, mpe yeye. Na usikate zile sekunde za mwanzo mpaka uwe umezisikiliza.

La mwisho sio la kompyuta. Mtu akirudi nyuma kutoka kwenye maiki mara tatu, simamisha kazi umuulize kwa nini. Mimi ningeuliza ningepata jibu siku ile ile, kwa sauti ya kawaida, jikoni.

Msimu huu wa kahawa kwaya imekuja tena na wimbo mwingine. Magunia yapo ukutani. Maiki bado ni mbili. Nilichora chaki yangu kama kawaida, baba akaja kwa zamu yake, akaitazama, akasimama hatua moja na nusu nyuma ya huo mstari. Mwalimu Projest akamwambia asogee. Baba akasema hapo panamtosha.

Nikapandisha gain ya maiki kidogo, tukarekodi.

Sasa nawasikiliza ninyi. Mnaorekodi kwaya au familia kwenye chumba kidogo, mnawapangaje watu ambao kwa mila hawawezi kukaribiana? Level zenu mnaziweka wapi? Waliobobea nisahihisheni nilipokosea, sitakasirika. Na wale mnaosoma tu bila kuchangia, kama nilivyokuwa mimi miaka yote, semeni hapo hapo mliposimama. Hakuna haja ya kusogea, gain nitapandisha mimi.